Lishu, mwandiko wa makarani

Nilipoanza kujifunza kuandika kwa brashi, nilidhani kwamba Lishu, mtindo wa kale wa kuandika Kichina, kwa utulivu wake juu ya karatasi, ni mwandiko uliobuniwa kwa ajili ya mahekalu na kasri. Kumbe ulizaliwa ofisini. Jina lenyewe humaanisha mwandiko wa makarani, yaani wale watumishi wadogo wa serikali ya Qin, dola ya kale ya China, waliokuwa wakinakili sheria, hesabu za nafaka na mashauri ya mahakama juu ya vibanzi vya mwanzi kutwa nzima, na ambao hawakuwa na muda wa kuremba.

Iko hekaya ya Cheng Miao, ofisa mdogo aliyetiwa gerezani enzi za Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China iliyounganishwa, akakaa humo miaka 10 akirahisisha herufi 3,000, kisha akazipeleka kwa mfalme, akaachiwa huru na kupewa cheo. Ni hadithi tamu, lakini udongo umeipinga. Kibao cha mbao kilichofukuliwa Qingchuan, mkoani Sichuan, kimeandikwa sheria ya mashamba ya mwaka 309 KK, karibu miaka 90 kabla ya Qin kuziunganisha falme zote mwaka 221 KK, na tayari mistari yake imeanza kunyooka kwa namna ya Lishu. Nadhani hakuna mtu mmoja aliyeubuni. Ulitokana na mikono mingi iliyochoka.

Uchovu huo unaeleweka ukiutazama mwandiko rasmi wa wakati ule, ule wa mihuri, ambao waziri Li Si aliusanifisha kwa himaya nzima. Kila mstari wake una unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kona huzungushwa polepole. Karani mwenye rundo la mashauri mbele yake hawezi kuzungusha kona siku nzima. Mwaka 1975, huko Shuihudi, mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani mmoja wa Qin aitwaye Xi, aliyezikwa pamoja na vibanzi zaidi ya 1,100 vya mwanzi, vingi vikiwa vya sheria na taratibu za kazi yake. Miongoni mwa sheria hizo imo inayokataza mtu asiyekuwa mtoto wa karani kusoma katika chumba cha mafunzo ya makarani. Sheria za mwanzoni mwa enzi ya Han, iliyofuata ile ya Qin, zilizopatikana katika kaburi jingine la Hubei, zinadai mwanafunzi asome miaka mitatu na aweze kusoma na kuandika herufi zaidi ya 5,000 kabla ya kuajiriwa.

Mikononi mwa watu hao ndipo yalipotokea mageuzi ambayo, kwangu mimi, ni makubwa kuliko urembo wote uliofuata: herufi ziliacha kuwa picha. Mawimbi ya maji yaligeuka vialama vitatu upande wa kushoto wa herufi. Moto, ukikaa chini ya herufi nyingine, ukawa nukta nne. Lakini nukta hizohizo nne zikatumika pia kwa mkia wa samaki na kwa miguu ya farasi, vitu visivyo na uhusiano wowote na moto. Karani hakujali asili yake, mradi mkono uende haraka.

Urembo ulikuja baadaye, na ulikomaa enzi ya Han ya Mashariki, yaani nusu ya pili ya enzi ya Han. Herufi ni pana kuliko urefu wake, kana kwamba imekaliwa. Katika mstari mkuu wa mlalo, brashi huingia kwa kurudi nyuma kidogo ili ncha ijifiche, na hapo hutokea uvimbe ambao Wachina huuita kichwa cha kiwavi wa hariri. Kisha mkono husafiri kuelekea kulia, hukandamiza, na kuinuka taratibu, ukiacha kile kiitwacho mkia wa bata bukini. Kanuni ni kwamba kila herufi ipate mkia mmoja tu, hata ikiwa na mistari minne ya mlalo, kwani bukini, wasemavyo walimu, hawaruki wawili wawili. Mikia yangu ya kwanza ilifanana zaidi na ya mijusi.

Mifano bora imebaki katika mawe. Jiwe la kumbukumbu ya ofisa Cao Quan, la mwaka 185 BK, ambalo sasa liko Xi'an, lina mistari laini na mikia mirefu, na wanaoanza hulipenda. Mimi naona limelainishwa kupita kiasi. Navutiwa zaidi na jiwe la ofisa mwingine, Zhang Qian, lililochongwa mwaka mmoja tu baadaye, 186 BK, ambalo herufi zake ni nzito, zenye pembe, kama zimekatwa kwa shoka. Katika karne zilizofuata mwandiko sanifu wa Kaishu ukachukua nafasi ya Lishu katika kazi za kila siku, hadi enzi ya Qing (1644–1912), ambapo mabingwa kama Deng Shiru na Yi Bingshou waliyarudia mawe ya Han na kuufufua.

Katika jiwe hilo la Zhang Qian kuna herufi moja ambayo fundi aliipasua vipande viwili, akavichonga kama herufi mbili zinazojitegemea. Jiwe bado lipo katika Hekalu la Dai, chini ya Mlima Tai, na kila anayelinakili lote hulinakili pamoja na kosa hilo.