Usiachie Kidole

Watu wengi wakisikia mbio za vigari vya mfereji hudhani ni mchezo wa watoto waliogoma kukua. Sibishani nao. Lakini nilipokubali wapenzi wa magari ya kizamani waje kushindana kwenye njia yangu wikendi nzima, nilijua fika kwamba nawakaribisha watu wazima wenye uwezo wa kuzozana nusu saa kuhusu kijipete kimoja cha kujazia nafasi kwenye ekseli.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo huu: njia ni meza ndefu ya mbao yenye kona na minyooko, iliyochongwa mifereji minane inayokwenda sambamba; kila mmoja ni leni, nayo huitwa kwa rangi yake. Kando ya kila mfereji, huku na huku, umelazwa utepe wa shaba unaopitisha umeme wa volti 12 hadi 14. Gari lina ulimi wa plastiki chini ya pua. Ulimi unazama mferejini, na vishungi viwili vya nyuzi za shaba vinagusa tepe na kuupeleka umeme kwenye mota. Dereva anasimama pembeni na kontrola yenye kifyatulio. Usukani hakuna. Kazi yote ni ya kidole cha shahada: ukibonyeza mno gari linaruka nje ya mfereji, ukibonyeza kidogo unaachwa.

Mchezo wenyewe si wa jana. Kampuni ya Lionel ya Marekani iliuza vigari vya umeme vya kushindanisha mwaka 1912, Fred Francis wa Uingereza akaleta vigari vya chapa ya Scalextric mwaka 1957, na katikati ya miaka ya 1960 Marekani ikajaa kumbi za njia kubwa za mbao. Nyingi zilifungwa kabla muongo ule haujaisha. Waliobaki kwenye mashindano waliendelea kutafuta kasi, mpaka gari likapoteza sura na kuwa kabari ya plastiki yenye mabawa, juu ya chasisi ya bamba la chuma na sumaku kali. Kwenye njia ile maarufu iitwayo King, yenye leni 8 na urefu wa futi 155, karibu mita 47, kabari hiyo inamaliza mzunguko chini ya sekunde 2. Ufundi wake nauvulia kofia. Kutazama sasa, hapo ndipo shida: mimi naona rangi tu ikipita.

Mbio za retro, yaani za mtindo wa kizamani, zilianzishwa na watu waliochoshwa na hilo. Chasisi iundwe kwa waya mgumu na vipande vya shaba ya manjano, vilehemiwe pamoja kama walivyofanya wale wa miaka ya 1960. Mota itoke kwenye orodha iliyokubaliwa. Bodi ifanane na gari lililowahi kushindana kweli. Kwetu daraja kuu lilikuwa la Can-Am, yale magari makubwa ya wazi yaliyotikisa Marekani na Kanada kuanzia 1966 hadi 1974: McLaren M8 ya rangi ya chungwa, Lola T70, Chaparral 2E na bawa lake lililosimama juu ya nguzo. Mtu akikwambia gari lipi limepita, nawe umeliona.

Wageni walianza kuingia Ijumaa alasiri na masanduku yao ya vifaa, na kabla jioni haijafika harufu ya mafuta ya kulainishia matairi ilikuwa imetanda ukumbi mzima. Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni, akaniita.

"Bwana mwenyeji, njano inaimba chini kule nyuma."

Nikasikiliza. Kweli. Kwenye mnyooko wa mbele mota zote nane zilitoa mlio mmoja mkali, lakini zilipofika kona ya mbali ile ya leni ya njano ilishusha sauti kidogo, kisha ikaipandisha tena ikirudi. Hakuna macho yangeweza kuona tofauti ile. Nikaingia uvunguni na kipimo cha umeme. Mahali pa madereva njano ilisoma volti 13 na ushee, sawa na wenzake. Kule nyuma, gari likivuta, ilianguka karibu volti 2.

Kisa chake ni rahisi kueleza kuliko kukifikia. Utepe wa shaba nao una ukinzani wake, kwa hiyo umeme ukiingizwa sehemu moja tu, unafika ng'ambo ukiwa umechoka. Ndiyo maana chini ya meza kuna nyaya nene zinazoupeleka umeme kwenye kila utepe katika sehemu kadhaa za mzunguko. Waya mmoja wa njano ulikuwa umeachia risasi yake ya kulehemu. Ulionekana umeshika, ukiugusa unacheza. Nililala chali na pasi ya kulehemu, mgeni mmoja akinishikia tochi na mwingine akinipa ushauri nisiouomba, mpaka tone la risasi likatandaa juu ya shaba na kung'aa. Mzee hakutazama kipimo. Alisubiri gari lipite, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

Hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji, kwa maoni yangu; mengine ni mapambo. Kila dereva atapita leni zote nane, dakika tatu kila moja, ndiyo, lakini leni moja ikiwa mbovu basi mbio nzima zina dakika tatu za uongo ndani yake.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya ukaguzi. Magari yalipangwa mezani, nami nikapitisha kipimo chini ya kila moja kuona limeinuka kiasi gani kutoka juu ya njia, nikahakikisha magurudumu ya mbele yanagusa, nikasoma chapa za mota. Kisha tukafika kwenye madereva. Sheria za retro zinataka gari liwe na sanamu ya mtu ndani, mwenye kichwa, mabega na usukani, si picha iliyobandikwa. Basi katikati ya watu wazima wenye sura za kazi utasikia: "Huyu kichwa kimelegea, kamtie gundi." Na mtu anakwenda kumtia gundi, kwa heshima zote. Mchana wake, dereva wa Lola moja alikatika kichwa katikati ya mbio, kikabingirika mpaka leni ya zambarau kikapondwa na gari lililokuwa linaongoza. Tulisimamisha umeme. Haikuwezekana kuendelea kwa sababu msimamizi wa kona alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

Kwenye meza ile ile tulipigia kura gari zuri kuliko yote, na hapo sikuona ubishi. Dada mmoja alileta McLaren ambayo ilibidi niiweke karibu na dirisha. Bodi hizi ni plastiki angavu nyembamba, nazo hupakwa rangi kwa ndani ili gari likigongwa rangi isichubuke. Maana yake unafanya kazi kinyumenyume. Kinachotakiwa kuonekana juu kabisa ndicho unachopaka kwanza: mistari myembamba ya milango, namba, matundu ya hewa, na rangi ya bodi inakuja mwisho kufunika kila kitu. Ukikosea mstari huwezi kupaka juu yake. Yeye alikuwa amechora hata vichwa vya riveti, kimoja kimoja, kwa ncha ya sindano. Nikamuuliza anawezaje kulirusha ukutani gari kama hili. Akajibu, "Nimelijenga likimbie. Kabatini litafanya nini?"

Daraja la Formula lilichukua jioni ya Jumamosi na sina mengi ya kulisemea. Magari ni membamba, magurudumu yako nje, yanashikana kila kona. Lotus 49 zilikuwa nyingi, kijani na mstari wa njano, kwa ajili ya dereva Jim Clark aliyeshinda nayo Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967 mara ya kwanza tu gari hilo kushindana. Sauti iliyotawala ilikuwa ya wasimamizi wa kona wakilaumiwa.

Niwatetee kidogo. Msimamizi wa kona ni dereva ambaye zamu yake bado au imekwisha. Anasimama kwenye kona akirudisha mferejini magari yanayoruka, tena haraka, ya wapinzani wake vilevile. Gari likirukia leni ya mwingine, mtu hupiga kelele na umeme unakatwa kote mpaka litolewe. Umemtangulia mtu asubuhi, na sasa gari lako limelala ubavu mbele ya mikono yake. Wikendi ile yote sikumwona hata mmoja aliyechelewesha makusudi. Niliowaona ni waliopigiwa kelele kwa kuwa na mikono miwili tu.

Jumapili ikafika zamu ya Can-Am. Fainali huenda hivi: madereva wanane, zamu nane za dakika 3, kila zamu unahamia leni nyingine na kubandika kijikaratasi cha rangi ya leni hiyo kwenye gari. Gari linaanza zamu mpya pale pale lilipokuwa limesimama zamu iliyopita, kwa hiyo hata sentimita hazipotei. Kompyuta inahesabu mizunguko na kukata umeme muda ukiisha. Mwishoni, waliolingana mizunguko wanatenganishwa na mahali magari yao yaliposimama. Ubavuni mwa njia yangu kuna alama za namba kwa kazi hiyo.

Mimi sikushindana. Nilikaa kwenye kompyuta na swichi, na pale ndipo nilipoona raha ya magari ya polepole. Yule mzee wa masikio, aliyekuwa na Lola T70, aliendesha kwa breki. Aliingia kona kwa kasi na kuachia kidole ghafla, gari likikita nyuma na kutoka limenyooka. Dada wa McLaren aliachia mapema, lakini hakuachia kabisa; gari lilielea konani, vipande vya shaba vya chasisi vikichezacheza kandokando kama vilivyokusudiwa, na mkia ukifagia leni ya jirani bila kutoka. Kwa kabari zile za sekunde 2 mitindo hii miwili ingekuwa mlio tu. Hapa ungeweza kufumba jina la dereva na bado ukamjua.

Zamu ya nane ilimkuta mzee leni nyeusi, ile ya pembeni kabisa ambayo ukitoka unakutana na ukuta, na dada leni nyeupe. Mzee alikuwa mbele kwa chini ya nusu mzunguko. Dada alimpunguza kona hadi kona, na dakika ya mwisho ukumbi mzima ulikuwa umeegemea upande mmoja wa meza mpaka nikahofia miguu yake. Muda ukaisha, king'ora kikalia, umeme ukakatika. Mizunguko 262 kwa 262.

Lola ilisimama palepale. McLaren ikaendelea kuteleza, bila umeme wowote, ikaipita na kusimama shubiri mbili mbele.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mtu wa kwanza alisema kompyuta imechelewa kukata leni nyeupe. Nikawaonyesha kwamba swichi inayokata ni moja kwa leni zote. Wa pili akasema leni nyeupe bado ina umeme, tukaipima, haina. Mzee ndiye aliyenyamazisha watu.

"Binti, uliachia kidole?"

"Hapana, Mzee. Niliendelea kubonyeza."

"Mimi niliachia." Akacheka, akaiweka kontrola chini. "Niliposikia king'ora tu, nikaachia."

Waliojua wakapiga meza. Wasiojua wakataka waelezwe. Kontrola zetu zina nyaya tatu: mmoja unaleta umeme, mmoja unakwenda njiani, wa tatu ni wa breki. Ukiachia kifyatulio, waya wa breki unaunganisha pande mbili za mota, na mota inayozunguka ikiunganishwa hivyo inajizuia yenyewe. Umeme ukatike au usikatike, breki ipo. Ukiendelea kubonyeza, breki haijafungwa, na gari linakwenda mpaka nguvu zake ziishe. Hakuna sheria inayokataza. Hakuna pia anayemfundisha mpinzani wake.

Nikamtangaza dada mshindi, na hapo nikapoteza mamlaka ya ukumbi. Kila mtu alitaka kujaribu. Walipanga magari kwenye mnyooko, mimi nikiamriwa "Washa!" na "Kata!" na watu wazima wenye familia zao, wengine wakibonyeza, wengine wakiachia, halafu wote wakakimbilia mbele kusoma alama za namba. Mmoja akadai gia yake ndogo inateleza mbali zaidi. Mwingine akaanza kufungua kaboni za mota palepale sakafuni. Mzee alikuwa katikati yao, akijaribu mara baada ya mara kuzuia kidole ambacho miaka yote amekizoeza kuachia, na kila king'ora kikilia kidole kinaachia tu. Dada akamshika mkono juu ya kontrola: "Bonyeza, Mzee, bonyeza, bado!" Vikombe vya washindi viliendelea kukaa kwenye boksi, na kila nilipotaja zawadi niliambiwa nisubiri, nikate umeme kwanza.