Dola 1,150 kwa vyuma vya springi? Nikalale chini ya pikapu mwenyewe

Jamani hasira ya ile karatasi ya gereji haijaniisha mpaka leo. Pikapu yangu ni Ford Ranger ya 2003, ile ndogo ya silinda nne, gia za mkono, ikaanza kulala upande mmoja nyuma nikajua tu ni springi. Jamaa kainyanyua, kamulika na tochi, kaniandikia dola 1,150. Na springi zenyewe nzima! Kilichooza ni vile vyuma vinavyozishika kwenye chesisi, kutu imevila mpaka vinabanduka kama maganda ya kitunguu. Spea za pande zote mbili hata dola 200 hazifiki, hela iliyobaki yote ni ya ufundi. Pigeni hesabu kwa shilingi wenyewe, halafu mkumbuke pale Gerezani, Dar, fundi unampa ngapi kwa kazi hiyo na jioni bado anakupigia kuuliza kama gari imetulia.

Hapa Ohio, Marekani, kinachoua gari ni chumvi. Theluji ikianza wanaimwaga barabarani barafu iyeyuke, inaruka chini ya gari na kukaa huko, basi unakuta injini inadunda safi, bodi inang'aa, chini kunaliwa. Watu wa Unguja na Tanga wananielewa. Kwahiyo wewe unayekuja, ukinunua gari ya zamani huku rangi isikubabaishe, lala chini, gonga chesisi na nyundo, ikimwaga unga mkono wa kwaheri.

Najua mtauliza mbona sikuchukua Hilux. Hakuna! Tangu 1964 pikapu ya kutoka Japani inalipiwa ushuru wa asilimia 25, na chanzo ni ugomvi wa biashara ya kuku kati ya Marekani na Ulaya, sitanii. Hilux iliacha kuuzwa huku 1995 ikaja Tacoma, ya Toyota hao hao, na Tacoma hata iwe kuukuu bei yake haishikiki. Kuagiza Japani kama tulivyozoea? Ikiwa chini ya miaka 25 haiingii mpaka itimize viwango vyao, wakati Kenya ikizidi miaka 8 ndo haiingii. Haya.

Yule wa gereji eti akanishauri niachane nayo nikakope mpya. Mikopo ya gari huku ni kausha damu yenye kiyoyozi, marejesho kila mwezi miaka na miaka, na ukikopa wanakulazimisha bima kubwa. Mimi yangu sidaiwi, bima nalipa ile ya kufidia wengine tu, wikiendi nabebea watu wanaohama vitanda na masofa, inajilipia. Ndugu zangu wakiona stetasi wanacheka, "miaka yote Marekani bado uko na hiyo?" Niko nayo, na hela ya ada mnayotumiwa inatoka humo humo.

Nyumba niliyopanga hawaruhusu kutengeneza gari uani, ikabidi niende kwa rafiki yangu Mkongomani wa Bukavu mwenye gereji yake nyumbani. Vyuma vile kiwandani vimepigwa ribiti, havifunguki kwa spana. Tukaweka jeki na stendi (stendi jamani, msilale chini ya jeki peke yake), tukakata vichwa vya ribiti na grenda, tukazisukuma nje kwa nondo na nyundo. Bolti ya springi ilikuwa imeshikana na bushi, haikusikia spana wala matusi, mimi nishakata tamaa, yeye anasema "mukubwa, tutaitosha tu hii," yaani tutaitoa, akaikata nayo. Vipya tukafunga kwa bolti ngumu. Giza linaingia pikapu imesimama sawa. Nikamtolea hela akakataa kabisa, akasema nilete tu ugali na samaki tule.

Kwetu nilikuwa sijui hata kubadili plagi, maana fundi yupo kila kona. Huku nimejifunza kwa shida. Maduka mengi ya spea yanakuazima vifaa, unaacha amana, ukirudisha unapewa yote, na taa ya injini ikiwaka wanakusomea bure. Yadi za magari chakavu unaingia na spana zako unafungua mwenyewe, bei ni ya kutupa. Ila ile seti ya spana ya nyumbani ya 12, 14, 17 ni ya Mjapani, Ford inataka 13, 15, 18.

Sasa zimebaki paipu za breki, nazo zimeanza kutu. Nimeshaagiza zile za shaba na nikeli, jua likitoka Jumamosi nalala tena chini.