Nilivyojifunza gari ya manyuo, klachi ndo ilinitesa mpaka mjomba alipoingilia kati

Mi nilianza kujifunza gari ya manyuo, yani ile unayobadilisha gia mwenyewe kwa mkono huku unakanyaga klachi (pedeli ya kushoto), hapa Mwanza mwaka jana, leseni ya kujifunzia ninayo, ada nimelipa, ila kwenye ile shule ya udereva tulikua tunapanda watu wanne gari moja, unashika usukani dakika kumi na tano tu unaambiwa shuka mwingine aingie. Gari ikizima mwalimu anafoka. Sasa mtu anakufokea "achia klachi taratibu!" lakini taratibu ni kiasi gani? Hakuna aliyeniambia, na kiukweli iliniuma maana nilikua nimejibana sana kuipata hiyo hela.

Mjomba wangu ameendesha haisi miaka mingi. Akaniambia jumapili asubuhi njoo, akafunga alama ya L mbele na nyuma kwenye Corolla yake ya zamani tukaenda uwanjani huko Buswelu. Cha kwanza kabisa akanirekebishia siti. Akasema mpwa wangu, ukikanyaga klachi mpaka mwisho goti libaki limekunja kidogo, likinyooka upo mbali, na kisigino kikae chini kwenye kapeti, mguu wa kushoto kazi yake klachi tu, kulia ndo breki na mafuta.

Halafu akanikataza kugusa mafuta kabisa. Gia namba moja, mguu wa kulia pembeni, achia klachi kidogo kidogo kama unene wa sarafu hivi, alafu sikiliza. Nikaachia, nikaachia, ghafla mlio wa injini ukashuka, usukani ukaanza kutetemeka kwenye viganja na gari ikajivuta yenyewe polepole. "Hapo hapo! Usitoe mguu, ganda hapo!" Yaani pale ndo klachi inaposhika, ile sahani ya upande wa gia inakutana na upande wa injini inayozunguka, ukiziachia zikutane kwa kishindo injini inazidiwa inazima, basi. Shuleni nilikua nafika pale pale alafu naogopa nanyanyua mguu wote. Tulirudia hiyo kitu moja tu karibu saa nzima, kwenda mbele, kusimama, kwenda tena, na ukitaka kusimama unakanyaga breki na kabla gari haijaanza kugonga gonga unazamisha klachi. Gia namba mbili na tatu zilikuja zenyewe, sizielezei.

Mlima sasa. Mwanza bila mlima hujajua gari, na mi nilikua naota usiku narudi nyuma. Mjomba akatafuta barabara ya mtaani yenye mwinuko isiyo na watu, nikavuta hendibreki, akashuka akaweka jiwe hatua moja nyuma ya tairi akarudi kukaa. Akasema ondoka bila kuligusa. Klachi chini, gia moja, ongeza mafuta kidogo injini iungurume, achia klachi mpaka uone boneti inanyanyuka kidogo na mlio unashuka, hapo gari inataka kwenda ila hendibreki imeishika, ndo unaishusha. Mara ya kwanza niliigusa ile jiwe, tuk. Ya pili nikazima. Ya tatu gari ikapanda bila kurudi hata inchi moja nikapiga kelele.

Mtihani wa trafiki nilifaulu. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mama kliniki Bugando, pale kwenye kupandisha foleni ikasimama, kwenye kioo naona haisi imenigandia nyuma kabisa. Nikavuta hendibreki, nikasikiliza mlio, boneti ikanyanyuka, nikaondoka. Mama alikua ananisimulia habari za kikoba chao na hata hakukatisha stori.