Vinundu vya njano, na kile kivuko kinachodanganya

Mnaotembea mjini bila shaka mshaviona vile vigae vya njano njiani, vingine vina vinundu na vingine vina mistari iliyonyanyuka. Nilivikanyaga miaka mingi bila kujua vinasema nini mpaka kaka yangu, ambaye haoni, aliponifundisha kuvisoma. Mistari ni twende, fuata inakoelekea. Vinundu ni simama, mbele kuna kitu, labda unaingia barabarani, labda ngazi, labda ukingo wa kituo. Anavisoma kwa fimbo na kwa nyayo kwa pamoja, na ile njano ipo kwa ajili ya wenye uoni hafifu ambao rangi bado wanaipata. Aliyevibuni ni Mjapani, Seiichi Miyake, mwaka 1965, rafiki yake alikuwa anapoteza kuona basi akatoa hela zake mwenyewe akavitengeneza, na tarehe 18 Machi 1967 vikalazwa mara ya kwanza mjini Okayama, jirani na shule ya wasioona.

Sasa mimi ni mtu wa OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, hapa Dar wengi wetu tuliijulia kwenye mradi wa Ramani Huria enzi zile za kuchora mitaro na mitaa inayofurika. Nikajiuliza, kama tunaweka mpaka kibanda cha chipsi kwenye ramani, hivi vigae mbona hatuviweki? Tagi yake, yaani lebo ya kuelezea kitu kwenye ramani, ipo, inaitwa tactile_paving, unaiweka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, kwenye kituo cha basi, kwenye ngazi. Natumia Vespucci, programu ya kuhariri ramani hiyo kwenye simu, nafika pale, nagusa kivuko, naandika yes au no, nasonga mbele.

Nikaona kazi rahisi. Jumamosi moja nikaenda na kaka kwenye barabara moja kubwa, kila kivuko nikiona njano naandika yes, yes, yes, vivuko vinne fasta fasta, yeye kimya tu ananifuata na fimbo yake. Cha tano akasimama kwenye vinundu, miguu yote miwili juu yake, akageuza kichwa kusikiliza. "Mdogo wangu, hapa naambiwa nisimame nivuke, mbona magari nayasikia upande wa bega na sio mbele yangu?"

Nikaangalia vizuri. Mbele yake ulikuwa mtaro. Wazi, hauna mfuniko, kina chake kama mpaka kiunoni, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye ncha ya kiatu chake. Zebra yenyewe ilikuwa imechorwa upya hatua kama kumi kule kulia na vigae havikuhamishwa, vimebaki vinamuelekeza mtu kwenye shimo. Na mimi kidole kilikuwa tayari kwenye yes!

Nilimshika mkono nikashindwa hata kuongea kwa muda.

Kumbe tagi ile ina jibu lingine, incorrect, yaani vigae vipo lakini vinadanganya. Hilo jibu kwangu sasa hivi ndo muhimu kuliko yote, maana asiyeona akijua hapa hakuna kigae atauliza mtu au atapita kwingine, lakini kigae cha uongo anakiamini, kwa nini asikiamini? Hata no msiidharau jamani. Ukiacha wazi ina maana hakuna aliyeenda kuangalia, ukiandika no ina maana mtu kafika kaona hakuna, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa anayepanga safari yake nyumbani kabla hajatoka.

Tukarudi vile vinne vya mwanzo, kaka ndo mbele safari hii. Viwili safi. Kimoja upande wa pili hauna kitu, kwa hiyo nikagawa, kila ukingo na nukta yake na jibu lake. Cha nne mistari inaenda vizuri mpaka inagonga nguzo ya umeme, fimbo ikalia kwenye chuma, kaka akasema "ehee, na hiyo andika." Nikaandika incorrect nikaongeza na maelezo kuhusu nguzo.

Jumamosi ijayo tunamalizia upande wa kituo cha daladala, vimebaki vivuko sita. Kaniambia raba zangu za soli nene niziache nyumbani, nije na ndala, nikanyage kwanza ndo niandike.