Kutoka Ujiji hadi Denbigh

Basi la Denbigh lilichelewa mpaka nikaanza kulichukia. Pale kituoni Rhyl, kaskazini mwa Wales, upepo wa bahari ulipenya koti na sweta, na hoteli ya jirani iliuza chai kwa bei ya mlo mzima wa Kariakoo. Nauli ya treni kutoka London ndiyo usiniulize. Kwa pesa ile ningetoka Dar hadi Kigoma na kurudi, na ya kula njiani ikabaki.

Lakini mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimekulia jirani na mnara wa kumbukumbu ya pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kazi ilipokwisha kunileta huku, nilitaka nione alikozaliwa Stanley.

Kituoni nilimkuta mama mmoja, rika la bibi yangu, na kikapu chake. Nikamwamkia, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza kwamba kwetu tunawasimulia wale wawili kama Waingereza waliokutana kando ya ziwa. Akaweka kikapu chini.

"Stanley? Yule si Sais hata kidogo!"

Sais ndiyo Mwingereza kwa Kiwelisi. Ni jina la Wasaksoni, waliovuka bahari kutoka upande wa Ujerumani ya kaskazini wakaitwaa mashariki ya kisiwa hiki. Waairishi nao husema Sasanach, na Wagaeli wa Uskoti Sasannach. Kazini kwetu yupo dada kutoka Ufini, na kwao jina hilohilo, Saksa, ni nchi ya Ujerumani. Kabila moja, kila jirani kalishika kwa upande aliokutana nalo.

Yule mama hakuishia hapo. Mjomba wake alikwenda Liverpool kutafuta kazi, akarudi anaongea Kiingereza hata mezani. Kijiji kizima kikamwita Sais mpaka siku ya kuzikwa, na alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani! Nikacheka, maana nimeyaona Kigoma: mtu akirudi na saa yake mkononi, anakataa kula kwa mkono, wanasema huyu keshakuwa mzungu. Baadaye nilisoma kuwa hata zamani za kati palikuwa na mshairi wa Kiwelisi aliyeitwa Elidir Sais. Basi neno hilo kumbe halitazami ukoo tu, linatazama na mwenendo.

Basi likaja. Tukapita St Asaph, ambako yule Stanley, jina lake la kuzaliwa John Rowlands, alilelewa katika nyumba ya maskini. Denbigh, ambako alizaliwa mwaka 1841, ni mji mdogo wa mlimani wenye ngome iliyobomoka. Mabango yote ni ya lugha mbili, na Kiwelisi kinauita Dinbych. Karibu na maktaba amesimama kwa shaba, mkono ameunyoosha kama anayemsalimu mtu. Sanamu iliwekwa mwaka 2011, na miaka kumi baadaye wenyeji wakapiga kura ibaki au iondolewe. Ikabaki. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mkono ule ni Livingstone anayenyooshewa, naye alizaliwa Blantyre, Uskoti. Kwa hiyo katika "Waingereza" wetu wawili wa Ujiji, hakuna hata mmoja aliyezaliwa England.

Kwenye treni ya kurudi nikampigia kaka yangu, mwalimu wa historia huko nyumbani, nikamwambia awaeleze wanafunzi. Akanikumbusha babu. Kwa babu, Mwingereza hakuwa mtu, alikuwa zama: Mjerumani akaondoka, Mbelgiji akashika Kigoma tangu mwaka 1916, halafu mwaka 1921 akaja Mwingereza na kodi yake. "Sasa bwana shauri angekuwa Mskoti au Mwelisi," kaka akauliza, "kodi ya kichwa ingepungua?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na bado naona ana haki. Lakini nami nikashikilia kwamba mtoto wa Ujiji anayepita pale mnarani kila siku anastahili kujua kwamba mmoja wa wageni wale alikuwa mtoto wa nyumba ya maskini, wa mji wenye lugha yake, uliokuwa na Mwingereza wake wa kumlalamikia. Kaka akasema hayo ya Uropa yana wenyewe. Tulibishana mpaka Chester, na Jumapili tumepanga kuendelea.