Mchawi alikuwa saa

Hatimaye mashine pepe zetu hapa Wete (kompyuta za programu tu zinazoishi ndani ya seva moja) zinapokea watumiaji wote, hata umeme ukikatika na kurudi. Hili tatizo limeninyima usingizi, kwa hiyo leo naliandika lote.

Mpangilio ni huu: Proxmox chini, ndiyo mfumo wa seva unaoendesha mashine pepe; Samba ndani ya kontena (chumba cha programu kinachotumia mfumo wa seva yenyewe) ikitunza majina na maneno ya siri; na mashine pepe za Linux ambazo vijana wanaziingia kwa xrdp, programu ya kuitumia mashine kwa mbali, kutoka kompyuta kuukuu za skuli.

Umeme ukirudi, waliowahi darasani wanaingia bila tabu. Wanaofuata baadaye wanaambiwa neno la siri si sahihi, na huku wenzao waliokwishaingia wanaendelea na kazi zao kama kawaida. "Mwalimu, sijalisahau, jana nimelitumia," kijana mmoja akaniambia, na alikuwa mkweli. Nikambadilishia, likakataa vilevile. Ruhusa za makundi ziko sawa, diski ina nafasi, RAM haijajaa. Lakini akaunti ya ndani ya mashine, isiyopita Samba, ikafunguka papo hapo. Nikafungua logi za sssd, programu ya mashine pepe inayoiuliza Samba kuhusu watumiaji: saa zimepishana mno.

Kerberos, njia ambayo Samba inathibitishia watumiaji, kwa kawaida inavumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu. Betri ya ubao wa seva, inayotunza saa umeme usipokuwepo, ilikuwa imekufa, basi umeme ukirudi seva inaamka na tarehe ya nyuma, na kila mashine pepe inaanza na tarehe hiyohiyo. Wote wamekosea pamoja, kwa hiyo wanaelewana! Kisha ruta inapata intaneti, chrony ya seva, programu ya kurekebisha saa, inairusha saa mbele, na kontena inafuata kwa sababu inatumia saa ya seva. Mashine pepe zinabaki nyuma. Kuanzia hapo hakuna anayeingia.

Kuzifungulia mashine za vijana njia ya NTP, yaani kuchukua saa kwa mtandao, sikutaka. Hazitoki nje na zitabaki hivyo. Dawa niliyoipenda ni ptp_kvm: unapakia moduli hiyo ndani ya mashine pepe, unaongeza mstari wa refclock PHC /dev/ptp0 kwenye mipangilio ya chrony ya mashine hiyo, nayo inasoma saa ya seva moja kwa moja bila mtandao. Kitu safi kabisa, na nashangaa hakisemwi zaidi.

Bado ikagoma. Chrony ya Debian, Linux ya mashine hizi, inakuja na mpangilio wa makestep 1 3, yaani inaruhusiwa kuirusha saa katika masahihisho matatu ya mwanzo tu. Hayo matatu yalikuwa yameshaliwa wakati seva yenyewe ingali na tarehe mbovu. Baada ya hapo inasogeza saa polepole, na kwa kasi yake ya juu kabisa tofauti ya saa 1 inachukua saa 12 kwisha. Nikaweka makestep 1 -1, yaani iruhusiwe kuirusha saa wakati wowote, nikazima seva, nikaitoa betri makusudi, nikawasha. Ruta ilipopata intaneti mashine zote zikaruka pamoja, na kila jina likakubaliwa. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Betri mpya ya CR2032 nimeweka pia, ila sitaki darasa zima litegemee betri ya volti 3.

Wiki hii nilipanga kufunga Guacamole, njia ya kuingia mashine hizi kwa kivinjari, ambayo kwangu inaishinda Remmina, programu ya kuingilia kwa mbali, kwa kuwa kivinjari kinatosha, hata cha simu. Itasubiri. Sasa nataka saa ya GPS juu ya paa, seva ipate wakati hata intaneti isiporudi. Mwenye kujua moduli nzuri ya GPS inayopatikana Chake Chake au mjini Unguja aniambie bei.