Chumba chembamba, ukuta mnene

Hoteli nyingi za fahari za Mji Mkongwe, Zanzibar, hazikujengwa ziwe hoteli. Ile ya Hurumzi ilikuwa nyumba ya tajiri Tharia Topan; Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza; Tembo, katika karne ya 19, iliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Ndiyo maana nikisikia mgeni analalamika kwamba chumba ni chembamba na bei yote ile, humwambia atazame dari. Boriti za mikoko zikizidi mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta hupinda, basi fundi alirefusha chumba badala ya kukipanua.

Ukuta nao una habari zake. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi ikatafuta njia ya kutokea. Kabla hujapokea ufunguo, inama uangalie sehemu ya chini ya ukuta, hasa nyuma ya samadari. Ukiona unga mweupe au rangi iliyovimba, omba chumba kingine, ghorofa ya juu zaidi. Udi wa mapokezi usikudanganye.

Juu kuna upepo, ila ngazi ni za kusimama wima, vipandio havilingani, na lifti ni nadra. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo uliza mapema kama hoteli itamtuma mtu wa mizigo. Begi laini la kubeba begani lina nafuu kuliko la magurudumu.

Vyumba vya kutazama bahari ndivyo ghali. Sawa, lakini bahari hapa iko magharibi: jua la alasiri hupiga dirisha mpaka linapozama, na ukuta mnene huanza kurudisha joto lile wakati unataka kulala. Funga vibao vya madirisha kuanzia saa nane mchana, uvifungue jua likishatua.

Kiyoyozi kinatosha nyuzi 25 au 26. Wanaoshusha hadi 16 kisha wakafungua dirisha huingiza hewa ya pwani yenye maji mengi; ikigusa kuta na shuka zilizopoa, hulowa. Msimu wa masika, siku mbili za mtindo huo zinatosha viatu vya ngozi kuota ukungu kabatini.